Pango, Mnyama na Kivuli



Somo letu la safari hii lahusu vitu viwili ambavyo wanadamu wamevitumia tangu zamani kueleza mawazo yao: pango na mnyama. Tutavitazama katika michoro, katika hadithi na katika falsafa. Kisha tutarudi nyumbani kwetu, maana alama isipoeleweka yaweza kuleta msiba.

Kwanza tuelewane juu ya neno "alama". Alama ni kitu kinachosimama mahali pa kitu kingine. Katika makanisa kadhaa ya Kianglikana, Biblia husomwa juu ya kinara kilichochongwa kwa umbo la tai, naye tai ni alama ya Yohana Mwinjili. Hakuna Mkristo anayedhani kwamba Yohana alikuwa na mabawa. Mfikirieni simba pia. Katika Ufunuo 5:5 simba ni mfano wa Kristo, na katika 1 Petro 5:8 ni mfano wa Ibilisi. Mnyama ni yule yule. Maana haikutoka katika manyoya yake, bali imetiwa na msemaji.

1. Michoro ya mapangoni

Tarehe 12 Septemba 1940, karibu na mji wa Montignac, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kijana Marcel Ravidat na wenzake watatu waliingia katika pango la Lascaux. Kutani waliona mafahali wa mwituni, farasi na kulungu, wamechorwa kwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Fahali mmoja ana urefu wa zaidi ya mita 5. Michoro hiyo hukadiriwa kuwa ya miaka 17,000 au zaidi. Wachoraji walifanya kazi gizani kwa mwanga wa taa za mawe zilizotiwa mafuta ya wanyama.

Liko jambo moja la kushangaza. Mifupa iliyopatikana humo yaonyesha kwamba watu wale walikula hasa kulungu wa nchi za baridi. Lakini katika mamia ya wanyama waliochorwa, kulungu wa namna hiyo ni mmoja tu. Farasi ndio wengi kuliko wote. Basi, michoro ile haikuwa orodha ya nyama ya kula. Wanyama wale walikuwa na maana nyingine katika mioyo ya watu. Wataalamu wametaja ibada, uwindaji na mafundisho ya vijana, lakini wenye michoro hawakuacha maandishi. Hapo twajifunza adabu: kuiona alama si sawa na kuijua maana yake.

Nasi hatukukosa urithi wa namna hii. Katika vilima vya Kondoa, katikati ya Tanzania, yako mapango ya wazi zaidi ya 150 yenye michoro. Wamo twiga, tembo na pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Mary Leakey alinakili mingi ya michoro hiyo mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Mwaka 2006 mahali hapo paliandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wenyeji wengine bado huyatumia baadhi ya mapango hayo kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Kwa hiyo jiwe lile lile ni picha kwa mgeni, na kwa mwenyeji ni mahali pa kuombea.

2. Pango linalosema

Tuje kwenye hadithi. Wazee wa pwani husimulia kwamba simba aliingia kwa siri katika nyumba ya sungura, akajibanza ndani amngojee. Sungura aliporudi aliona dalili za mgeni asiyealikwa. Hakuingia. Alisimama mbali, akaisalimu nyumba yake. Kimya. Akasema kwa sauti kwamba ni ajabu, kwani kila siku akiisalimu humjibu. Simba aliposikia hayo akaona heri aitikie kwa niaba ya nyumba! Sungura akacheka, akamwuliza ni wapi alikosikia nyumba ikisema, akaenda zake salama.

Ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi hadithi hii inajulikana pia. Katika Panchatantra, kitabu cha kale cha Uhindi kilichoandikwa kwa Kisanskriti, mwenye makao ni mbweha, na makao yenyewe ni pango.

Mtoto mdogo anajua kwamba sungura hasemi. Anajua vilevile kwamba hadithi yamhusu yeye: mnyonge asiye na meno wala makucha huokoka kwa kuuliza swali kabla ya kuingia. Hiyo ndiyo kazi njema ya alama. Mnyama hutuonyesha tabia ya mtu, nasi tukisha kujifunza, twamwacha mnyama aende zake porini.

3. Pango la Plato

Sasa tumsikilize Plato, mwanafalsafa wa Athens, Uyunani, aliyeishi miaka kama 400 kabla ya Kristo. Katika kitabu cha saba cha maandiko yake juu ya dola iliyo bora, alitoa mfano wa watu waliofungwa minyororo pangoni tangu utoto, nyuso zao zikielekea ukutani. Nyuma yao moto unawaka. Kati yao na moto watu wanapita wakibeba sanamu za watu na wanyama, za mawe na za miti. Wafungwa hawaoni moto wala sanamu. Waona vivuli tu. Wanavipa majina, nao husifiana ni nani hodari wa kubashiri kivuli kitakachofuata.

Mmoja afunguliwapo na kutoka nje, jua humwumiza macho kwanza. Baadaye anaona vitu vyenyewe. Akirudi kuwaambia wenzake wanamcheka, na kama wangeweza wangemwua. Plato alijua alichokuwa akikisema: mwalimu wake, Socrates, alihukumiwa kufa mjini Athens mwaka 399 kabla ya Kristo.

Tuangalie vizuri. Mfungwa wa Plato akiona kivuli cha mnyama, amekuwa mbali na mnyama hatua mbili. Kivuli ni cha sanamu, na sanamu ni ya mnyama. Lakini yuko tayari kuua kwa ajili ya kivuli hicho.

4. Bundi, fisi na jirani yetu

Je, sisi tumekwisha kutoka pangoni? Bundi akilia juu ya paa usiku, wengi husema ni mkosi au kifo, na mara nyingi hutupiwa mawe. Ndege huyo amefuata panya waharibuo nafaka zetu ghalani. Tumemvika alama, kisha twamwua kwa ajili ya vazi tulilomvika sisi wenyewe.

Kwa fisi, jambo ni zito zaidi. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu husemwa kwamba wachawi humpanda fisi usiku. Kivuli cha fisi huangukia mtu, na mara nyingi mtu huyo ni bibi kizee, mjane, aishiye peke yake. Kwa miaka mingi, hasa katika Kanda ya Ziwa, akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na "ushahidi" mmojawapo ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, miaka arobaini na zaidi ya kupikia watoto na wajukuu, pengine na hao hao waliokuja kumshtaki.

Ndugu zangu, hadithi ya fisi mlafi tuendelee kuwasimulia watoto, maana yafundisha. Lakini tusimpokonye bibi sura yake ya ubinadamu na kumvika ya fisi. Ukisikia neno juu ya jirani, kwa mdomo au kwa simu, fanya kama sungura: simama nje kwanza, uulize. Ni nani aliyeliona? Ni nani atakayefaidika na shamba lake? Kisha nenda umwone jirani mwenyewe, kwa mwanga wa mchana, uketi naye jikoni. Moshi utakuwasha macho nawe pia.

Maswali ya kujadiliana

1. Tajeni wanyama watatu wanaotumiwa kama alama katika hadithi za kabila lenu. Kila mmoja anafundisha nini?
2. Kwa nini wafungwa wa Plato walimchukia mwenzao aliyerudi? Je, hutokea hivyo katika jamaa au kijiji?
3. Ni wazee gani katika mtaa wetu wanaoishi peke yao, na ni nani atakayewatembelea wiki hii?