Sauti Iliyofungiwa Milango Ugenini

Katika makanisa ya Kilema, Kibosho, Rombo na mjini Moshi, hutokea siku za Jumapili binti mmoja wa kwaya akaimba peke yake, na watu wote wakatulia. Misa ikiisha, wazee husimama uani wakisema, “Mtoto huyu atafika mbali.” Neno hilo ni la baraka. Lakini ni wachache wanaojiuliza: Je, akifika huko mbali, akampenda mtu tusiyemjua, na kazi yake ikaharibika, sisi tutasema nini?

Mara nyingi twajua litakalosemwa: “Mapenzi yamempoteza.” Hukumu imekwisha, na jina la binti halitajwi tena mezani. Basi leo, wasomaji wapenzi, tumtazame mwimbaji mmoja mashuhuri wa Afrika, tupate kuona kama hukumu ya namna hiyo ni ya haki.

Miriam Makeba alizaliwa karibu na Johannesburg tarehe 4 Machi 1932. Alikuwa na umri wa siku 18 tu mama yake alipofungwa gerezani miezi sita kwa kosa la kuuza pombe ya kienyeji. Naye mtoto alikaa gerezani pamoja na mama yake. Sisi tuliokulia penye mitungi ya mbege twaweza kuelewa kosa hilo lilikuwa dogo kiasi gani. Alipokua akaimba katika kwaya ya shule ya misheni, kama wanavyoimba watoto wetu.

Mwaka 1959 alitoka Afrika Kusini. Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Binti alipotaka kurudi kumzika, akakuta pasipoti yake imefutwa na serikali ya makaburu. Nchi nyingine za Afrika zikampokea. Mwalimu Nyerere alimpa pasipoti ya nchi yetu, naye akauimba wimbo wa Malaika kwa Kiswahili mbele ya watu wa mataifa mengi, ule wimbo wa kijana apendaye lakini hana mali ya kuolea.

Huko Marekani alisaidiwa na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka 1962 aliimba katika sherehe ya kuzaliwa ya Rais Kennedy. Mwaka 1966 yeye na Belafonte walipata tuzo ya Grammy. Mwaka 1967 wimbo wake Pata Pata ulichezwa kila mahali. Nani angedhani kwamba baada ya mwaka mmoja tu milango ingefungwa?

Mwaka 1968 aliolewa na Stokely Carmichael, mzaliwa wa Trinidad, kiongozi kijana wa watu weusi wa Marekani. Carmichael alikuwa akihubiri kwamba weusi wajitegemee na wajitwalie nguvu yao wenyewe, na kwa ajili hiyo Wazungu wengi walimwogopa. Makeba alieleza kwamba ameolewa na mtu aliyempenda. Hakusikilizwa. Maonyesho yake yakafutwa, magazeti yakanyamaza, wapelelezi wa serikali wakamfuata. Mume na mke wakahamia Guinea. Hakurudi kuimba Marekani mpaka mwaka 1987.

Na ile ndoa? Haikudumu. Mwaka 1973 walitengana. Hatumtaji mama huyu kuwa kielelezo cha ndoa, kwa maana aliolewa zaidi ya mara moja, na majonzi ya nyumbani aliyajua sana. Bali twauliza jambo moja: kazi yake ya Marekani ilivunjwa na nini? Sauti ilikuwa ile ile. Bidii ilikuwa ile ile. Wala hakuacha kuimba kwa sababu ya kupenda. Walioivunja ni wale waliompigia makofi jana, wakaogopa leo. Kusema kwamba mapenzi yalimpoteza ni kumtwika yeye kosa la wengine.

Basi twajifunza nini?

Kwanza, sifa za ugenini si nyumba. Anayekushangilia kwa ajili ya wimbo aweza kukuacha kwa ajili ya mumeo. Yafaa binti mwenye kipaji afundishwe mapema kupima tofauti ya mtu anayempenda yeye na mtu anayependa sauti yake.

Pili, anayeoa au kuolewa hachukui mtu mmoja peke yake. Huchukua pia rafiki zake, adui zake, na mzigo alioubeba. Wazee wetu walijua hayo, ndiyo maana walitumana kwenda kuulizia ukoo kabla ya posa. Binti aliye mbali hana shangazi wa kumwulizia. Basi na aulize mwenyewe, tena asiharakishe. Lakini akishajua, na akachagua kwa moyo mweupe, asiitwe mpumbavu kwa sababu tu gharama imekuwa kubwa.

Tatu, kipaji kilichofungiwa mlango mmoja hakijafa. Akiwa Guinea, Makeba aliendelea kuimba Afrika na Ulaya, akasema kwa niaba ya nchi hiyo katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 1985 alimzika huko binti yake wa pekee, Bongi. Hata hivyo hakuacha kuimba. Mwaka 1990 aliingia tena Afrika Kusini, baada ya miaka 31. Alifariki Novemba 2008 nchini Italia, mara tu baada ya kuimba jukwaani, akiwa na umri wa miaka 76.

Angalieni jambo moja: Marekani ilipomfungia, Guinea ilimfungulia. Bila mlango huo tusingekuwa na habari ya kusimulia, ila ya msiba tu.

Wazazi wapenzi, Desemba ikifika watoto wa mlimani hurudi kutoka kila upande, na vihamba hujaa vicheko. Lakini yuko binti asiyerudi, kwa kuwa anajua litakalosemwa juu yake. Mila yetu ya Kichaga inayo dawa. Anayeomba radhi huja na jani la sale mkononi, na aliyekosewa hana budi kumsikiliza. Tumezoea kungoja aje nalo yule aliyetoka. Tujipime nafsi zetu: kama tulimhukumu kabla ya kumwuliza, huenda wanaopaswa kulichuma jani hilo ni sisi.