Vidudu Wema wa Karanga

Mche wa karanga ulioanza kutoa maua ukichimbuliwa taratibu, na mizizi yake ikaoshwa kwa maji, vitaonekana vinundu vidogo vingi vimeshikamana nayo, kila kimoja kiasi cha punje ya uwele. Mtu asiyejua hudhani kuwa mche huo una ugonjwa, akautupa. Kumbe vinundu hivyo ni nyumba za vidudu wema.

Vidudu hao huitwa bakteria. Ni wadogo mno, hata jicho haliwezi kuwaona ila kwa hadubini. Hukaa katika udongo, na mizizi michanga ya karanga itokeapo huiingia, nao mche huwajengea vinundu.

Je, kazi yao ni nini? Kila mmea huhitaji naitrojeni, na ukiikosa majani yake huwa ya manjano nao hudumaa. Katika kila sehemu tano za hewa, karibu nne ni naitrojeni. Lakini mmea hauwezi kuila jinsi ilivyo. Ni kama baharia mwenye kiu katikati ya bahari: maji yamemzunguka pande zote, wala hawezi kuyanywa. Bakteria huitwaa naitrojeni ile ya hewa iliyo katika udongo, wakaigeuza iwe chakula cha mche. Mche nao huwalipa sukari ambayo majani yameifanya kwa nguvu ya jua. Hapana anayekula bure.

Wakulima wa Roma ya kale walijua kuwa nafaka hustawi ikipandwa baada ya mimea ya jamii ya kunde, lakini sababu yake ilikuwa imefichika. Mwaka 1886 Mjerumani mmoja, Hermann Hellriegel, aliwaeleza wataalamu wenzake majaribio yake. Alipanda njegere katika mchanga usio na naitrojeni, uliochomwa moto hata kila kidudu kikafa. Njegere zikadhoofika kwa njaa. Mchanga mwingine wa namna ile ile akautia maji kidogo yaliyokorogwa na udongo wa shamba. Humo njegere zikafanya vinundu, zikastawi. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe na kuwakuza peke yao.

Huko Marekani, George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani, alifika Tuskegee katika Alabama mwaka 1896 kufundisha kilimo. Aliona ardhi imechoshwa na pamba iliyopandwa mwaka hata mwaka, akawashauri wakulima wabadilishe, wapande kunde na karanga.

Siku hizi bakteria hukuzwa na kuchanganywa na unga wa udongo mweusi wa mboji, ukauzwa katika mifuko. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, kisha huchanganywa kivulini na kupandwa siku ile ile. Wasisahau wapandaji kuwa waliomo ni viumbe hai: jua kali huwaua, na mbolea za chumvi zikigusana nao huwadhuru.

Lakini si kila mkulima apaswaye kununua unga huo. Karanga si mchaguzi sana. Hupatana na bakteria wengi wa kunde, na mahali palipolimwa kunde au karanga mara nyingi wamo tayari. Heri mtu achunguze kwanza. Chukua kinundu, ukipasue kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Angalia pia usidanganyike: kinundu chema hubanduka kwa kidole upesi, bali uvimbe uletwao na minyoo ya udongo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki.

Yako makosa mengine yafanywayo wakati wa mavuno. Naitrojeni nyingi huingia katika punje, nazo huliwa au kuuzwa. Iliyobaki imo katika majani, mashina na mizizi. Mwenye kuyachoma majani na mashina huirudisha hewani ilikotoka, na mahindi ya mwaka ujao hayapati kitu. Afadhali yafukiwe shambani. Mwenye mbuzi na awalishe majani hayo, kisha samadi yao aipeleke katika shamba lile lile kabla ya kupanda.