Kompyuta Nyingi, Kazi Moja

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka wa 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha SETI@home ili kutafuta dalili za viumbe wengine angani. Watu wa kawaida waliazima nguvu za kompyuta zao bure. Kazi iligawanywa vipande vipande, kila mashine ikapiga hesabu yake, majibu yakarudishwa kwa intaneti. Mwaka wa 2006 mradi wa Africa@home ulitumia njia hiyo kuchunguza jinsi malaria inavyoenea.

Nami nikatamani seva kuukuu ya ofisi niiwashe nyumbani. Lakini hebu tupige hesabu. Seva ya wati 200 ikiwaka usiku na mchana:

200 × 24 ÷ 1000 = yuniti 4.8 kwa siku, yaani yuniti 144 kwa siku 30.

Tena ina kelele na joto, na joto la Voi mwalijua! Mama akiuliza tokeni za stima zimeenda wapi, nitajibu nini?

Basi usinunue mashine ya pili. Iliyopo, ikiwa imewashwa tayari, isaidie kwa programu ya BOINC inapokaa bila kazi.

Zoezi: Mashine ya wati 60 ikiwaka saa 3 itakula yuniti ngapi?