Israfu na Ubadhirifu

Watu wengi huyatumia maneno haya mawili ya asili ya Kiarabu kana kwamba ni neno moja. Lakini Kurani Tukufu imeyatenga. Israfu ni kupita kiasi katika jambo la halali: kula na kunywa kumeruhusiwa, ila kuvuka mpaka kumekatazwa (7:32, tukihesabu pamoja na Bismillahi). Ubadhirifu asili yake ni kutawanya, kama mtu anayemwaga mbegu ovyo. Nao ni kutoa mali mahali pasipo haki, hata ikiwa kidogo.

Mfano wake tuutazame katika msitu wa Enguserosambu, wilayani Ngorongoro, ambao chemchemi zake hunywesha watu na mifugo. Mwenye haja ya kuni akikata mtarakwa mzima, hali tawi kavu lingemtosha, amefanya israfu. Mrina asali akitupa kijinga cha moto ovyo na miti ikateketea, huo ni ubadhirifu, hakuna aliyenufaika.

Je, aliyedhulumiwa ni nani? Aya inayokataza ubadhirifu (17:27) yaamuru kwanza kumpa haki yake jamaa, maskini na msafiri. Basi mali inayotawanywa ina wenyewe, nao ndio walionyang'anywa. Wala ubahili si dawa. Njia inayosifiwa ni ya katikati (25:68). Mtume Mtukufu s.a.w. alitawadha kwa maji kadiri ya kujaza viganja viwili tu, na udhu wake ulikuwa kamili.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwafikishia wenye haki haki zao. Amin.