Umelipwa Kusifu Bidhaa? Sema!

Leo tuko kwenye amri ya nane.

Chukua kijana wa hapa Songea anayejaribu bidhaa na kutoa maoni yake TikTok. Duka linamletea mbegu za mahindi, na hela juu. Je, kupokea ni dhambi? Hapana, kazi halali ina malipo yake. Shida inaanza pale anapoficha.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 77), anafundisha kwamba muuzaji anayejua kasoro iliyojificha na yenye madhara anawajibika kumwambia mnunuzi. Mimi naona hoja hiyo inambana zaidi mtoa maoni, maana watu wanamsikiliza kama mwenzao, siyo kama muuzaji. Na mbegu mbovu inamwondolea mkulima wa Namtumbo msimu mzima.

Kwa hiyo, kabla hujakubali dili:

1. Mwambie mdhamini mapema kwamba kasoro utazitaja. Akikataa, achana naye.
2. Tamka "nimelipwa" mwanzoni mwa video, siyo kwa maandishi madogo mwishoni.
3. Usisifu usichokitumia. Mahindi hujavuna, unashuhudia nini?

Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Kijamii lilitoa hati kuhusu maadili ya matangazo, likasisitiza ukweli, hadhi ya mtu na wajibu kwa jamii. Sheria yetu ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kupotosha watu kibiashara.

Tafakari: kama mnunuzi ni mama yako, ungesema maneno yale yale?

Mtakatifu Thoma wa Akwino, utuombee.