Mada: Kugeuza Mfuatano wa Picha za Katuni Kuwa Faili la Video

Katuni ya kompyuta ni picha mnato nyingi zinazooneshwa haraka, moja baada ya nyingine, hadi jicho linaona mwendo. Kila picha huitwa fremu. Programu kama Blender inaweza kuhifadhi kila fremu katika faili lake. Mafaili hayo kwa pamoja ndiyo mfuatano wa picha.

Kwa nini tusihifadhi video moja kwa moja?

Kompyuta inaweza kutumia dakika kadhaa kutengeneza fremu moja. Umeme ukikatika kazi ikiwa kwenye fremu ya 200, zile 199 zilizokamilika hubaki kwenye diski, nawe utaendelea ulipoishia. Faili la video lililokatishwa katikati mara nyingi halifunguki. Tena, fremu moja ikiwa na kosa, utairudia hiyo peke yake.

Jambo la msingi

Picha hazina muda ndani yake. Muda hutokana na kasi ya fremu, yaani idadi ya fremu zinazooneshwa kwa sekunde moja. Filamu za sinema kwa kawaida hutumia 24.

Muda (sekunde) = idadi ya fremu ÷ kasi ya fremu

Hatua za kufuata

1. Hifadhi picha kwa PNG, ambayo haipunguzi ubora. JPEG hupunguza.
2. Zipe namba zenye tarakimu sawa: picha_0001, picha_0002. Bila sifuri za mbele, picha10 inaweza kupangwa kabla ya picha2.
3. Hakikisha hakuna namba iliyorukwa na picha zote zina vipimo sawa.
4. Weka kasi ya fremu ileile iliyotumika kutengeneza katuni.
5. Chagua kodeki na aina ya faili. H.264 ni kodeki, yaani njia ya kubana data. MP4 ni chombo kinachobeba picha na sauti pamoja. Usivichanganye.
6. Geuza, kisha tazama video hadi mwisho kabla ya kufuta picha.

Kwa programu ya FFmpeg, amri ni hii:

ffmpeg -framerate 24 -i picha_%04d.png -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p katuni.mp4

Alama %04d humaanisha namba ya tarakimu nne. Usipotaja kasi, FFmpeg hutumia 25.

Kwa nini data hubanwa?

Fremu ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye baiti 3 kwa kila pikseli, ina baiti 6,220,800. Kwa fremu 24, sekunde moja tu ni baiti 149,299,200, karibu megabaiti 149. Kodeki hupunguza ukubwa huo hasa kwa kuhifadhi mabadiliko kati ya fremu, badala ya kurudia sehemu zisizobadilika.

Swali la mfano

Mwanafunzi ana picha 360 za katuni iliyopangwa kwa fremu 24 kwa sekunde, pamoja na sauti ya sekunde 15.
(a) Video sahihi itachukua muda gani?
(b) Akiweka 30 kwa makosa, nini kitatokea?
(c) Picha_0101 ikikosekana, amri iliyo hapo juu itatoa video ya muda gani?

Majibu

(a) 360 ÷ 24 = sekunde 15.
(b) 360 ÷ 30 = sekunde 12. Mwendo utakuwa wa haraka kupita kiasi, na picha zitaisha sekunde 3 kabla ya sauti.
(c) FFmpeg itaishia picha ya 100: 100 ÷ 24 = takriban sekunde 4.2. Picha 259 zilizobaki hazitaonekana, ingawa zipo kwenye folda.

Zingatia: Katika (b), watahiniwa wengi huandika "video itaharibika". Jibu hilo halitoshi. Onesha hesabu, kisha taja kinachotokea kwa mwendo na kwa sauti.