Gololi au beringi ya kufungwa?

Mizigo ya mahindi na tope la Ufipa huua habu ya baiskeli mapema. Kabla hujanunua gurudumu Sumbawanga mjini, zingatia haya:

1. Kwa kubebea magunia vijijini, chagua gololi. Fundi yeyote mwenye spana na grisi atazitengeneza.
2. Habu ya nyuma kwa kawaida huchukua gololi 9 za robo inchi kila upande. Badilisha zote: mpya ikichanganywa na zilizolika, hiyo mpya hubeba mzigo peke yake na kuitafuna koni.
3. Usikaze koni mpaka ekseli igome.
4. Mvua zikiisha, osha gololi na koni kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi. Oili chafu ya injini hapana.
5. Beringi ya kufungwa ikikwaruza, badilisha nzima: soma namba ubavuni, mfano 6001.
6. Unapoipachika beringi hiyo mpya kwenye habu, gonga pete ya nje tu.